Mtani Hakataliwi Kaburini

Siku Boma lilipoua mtu wa kwanza, madiwani walipiga makofi. Penina Shembilu alipiga kuliko wote, mpaka viganja vikamwasha.

Marehemu (mimi namwita marehemu, ingawa siku ile hakuna aliyempa heshima hiyo) alikuwa mwizi wa mbao, katumwa na mtu asiyejulikana, au anayejulikana ila hasemwi. Aliingia Msitu wa Kwemkole na msumeno wa betri, akaugusisha kwenye gome la mti mmoja mnene wa mkulo, na kabla unga wa mti haujafika chini mwiba wa Boma ukamwingia shingoni. Picha yake ilioneshwa kwenye ukuta wa ukumbi wa baraza. Kalala chali, macho yamemtoka, na msumeno bado kaukumbatia kwa mikono miwili. Diwani mmoja akasema jamaa alikuwa king'ang'anizi hasa, hata kufa hataki kuachia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Penina akacheka nao. Kishikeni kicheko hicho, maana kitarudi.

Tusimlaumu upesi. Mji ule wa mlimani ulikuwa umefurika. Huko chini tambarare joto lilikuwa limefika mahali ambapo kuku anakufa akitaga, na watu walipanda mlima na magodoro vichwani, mwaka baada ya mwaka, mpaka kila kiwanja cha mpira, kila bustani na kila ukingo wa mto ukawa nyumba juu ya nyumba. Palibaki msitu mmoja tu, Kwemkole, na chini ya msitu huo ndipo zilipotoka chemchemi zote za mji. Ukiukata, unapata nyumba za watu wengi leo, na kesho wote wanakufa kiu ndani ya nyumba zao nzuri. Mtoto wa shule angeliona hilo. Mstahiki Meya, Salehe Mntangi, alikuwa amesoma sana na hakuliona.

Penina, diwani wa kata yenye msitu, alimwaga damu kulipata Boma la kuulinda. Siku sheria ndogo ilipopigiwa kura, kiti kiliruka hewani kikamchana nyusi, naye akamvunja pua aliyekirusha, mtu mzima mwenye wajukuu. Akasimama na damu inamtiririka mpaka kwenye kola, akasoma kifungu alichokiandika kwa mkono wake: Boma litawashwa na kuzimwa kwa kiganja cha diwani wa kata peke yake, na likizimwa hata kwa kufumba na kufumbua, hifadhi imekufa, eneo linarudi kwenye mpango kabambe kama ardhi isiyopangiwa matumizi. Wenzake walimuuliza kwa nini ajifunge hivyo. Akawajibu kwamba anawajua wanasiasa, na yeye ni mmoja wao. Mlango unaoweza kufunguliwa kidogo utafunguliwa wote, basi bora usiwe na bawaba.

Kura zikatosha. Toka siku hiyo matingatinga ya Meya, yale yasiyo na dereva, yakaegeshwa barabarani nje ya msitu, eti yanangoja kukarabati mtaro. Yalikuwa yanangoja kosa moja.

* * *

Kosa lilikuja na msiba.

Mzee Hosea Shembilu, baba yake Penina, alifariki usingizini, kifo kizuri kwa mtu wa umri wake. Alikuwa mkuu wa ukoo, na ukoo wa Shembilu huzikwa Kwemkole, chini ya mikulo. Sheria iliruhusu. Boma halikujali jembe linalochimba udongo, lilijali chuma kilichoinuliwa dhidi ya mti ulio hai. Lenyewe ukiliona usingelidhania ubaya: ua la miiba lenye majani ya kijani kibichi, limezunguka msitu na kutambaa ndani yake, na katika mizizi yake mafundi walikuwa wamefuma nyuzi zinazosikia na kuona. Lilikuwa na mlio mdogo kama wa nyuki walio mbali, ambao watu walikwisha kuuzoea.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo lilimkera Penina kuliko kifo chenyewe. Kwa sheria ya mji, makaburi ya ukoo husemewa na mkuu wa ukoo, na kaburi la mgeni husemewa na mwanawe, na kaburi moja tu ambalo msemaji wake hajaridhia lihamishwe huzuia eneo zima. Mzee Hosea alipokuwa hai alikataa katakata makaburi ya Kwemkole yahamishwe. Sasa mkuu wa ukoo alikuwa baba mdogo wa Penina, Mzee Daudi, na Mzee Daudi alimpa Meya ridhaa yake hata maiti ya kaka yake haijapoa. Kwa hiyo kilichobaki kati ya mikulo na matingatinga kilikuwa Boma peke yake.

Walilipeleka jeneza msituni kabla ya adhuhuri. Mchungaji akasali. Meya alikuwapo na suti nyeusi, akitoa pole kwa sauti ya asali. Na jeneza lilipowekwa kando ya shimo, wakaingia watani.

Walikuwa Wanyamwezi wa Mtaa wa Relini, ambao mababu zao waliletwa zamani kukata mkonge huko tambarare na hawakurudi tena. Wao na watu wa mlimani walikuwa watani toka enzi hizo. Mbele yao alitangulia Mihayo Kapaya, mzee mwembamba mwenye meno machache, mtu aliyemtukana Hosea kila siku ya Mungu kwa maisha yao yote, na Hosea akamtukana yeye, na hakuna aliyewahi kununa. Mihayo alikuwa amevaa koti la marehemu. Alikuwa ameliiba asubuhi msibani, mbele ya waombolezaji, kama inavyompasa. Akatembea mwendo wa Hosea wa kuburuta mguu, akakohoa kikohozi cha Hosea, akawakaripia wachimba kaburi kwa sauti ya Hosea kabisa, mpaka wanawake waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka huku kamasi zinawatoka. Penina alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza toka baba yake afe, na alihisi kifua kinafunguka.

Mihayo akatangaza kwamba mazishi hayaendelei. Mzee huyu, alisema, alikuwa mchoyo, kawanyima watani kuni maisha yake yote, na leo watani watajichukulia wenyewe kuni za kupikia wali wa matanga. Wasipolipwa kuku, mti unaanguka. Akachomoa panga kiunoni, lenye mshipi wa ngozi aliouvika kifundoni mwa mkono, akausogelea mkulo uliokuwa kichwani pa kaburi.

Kila mtu pale alijua kitakachofuata. Atainua panga, atatishia, jamaa za marehemu watapiga magoti kwa mzaha na kumbembeleza, atapewa kuku wake, atalia, na maiti itazikwa. Ndivyo wanavyozikana.

Boma ndilo halikujua.

Mafundi waliolitengeneza walimweka Penina kikao kirefu wakimhoji mila za mahali pale, ili Boma lisije likamdhuru asiye na hatia. Aliwaeleza habari za waganga wanaochuma majani. Aliwaeleza wanawake wanaookota kuni zilizokauka, na tambiko la mvua, na mazishi, na namna jembe linavyoshikwa. Mwishoni wakamuuliza kama kuna jambo lolote lililobaki. Akafikiri, akasema hakuna. Hakudanganya. Utani haukumjia akilini, kwani nani humweleza mgeni kwamba maji yanalowesha?

Panga likapanda. Penina alikuwa bado anacheka mwiba ulipotoka.

* * *

Ulimpata Mihayo chini ya mbavu. Alitoa mguno, mwili ukamkauka kama gogo, akaanguka ubavu ukiegemea shina, mkono wa kulia juu, na panga mkononi.

Mwiba wa kwanza wa Boma hauui. Uliundwa ukaze misuli tu, ili mkataji abaki hapo hapo mpaka askari wafike. Chuma kikidondoka, Boma linatulia. Kisipodondoka, Boma linaona shambulio linaendelea, na baada ya pumzi chache linarusha mwingine. Mafundi waliliona jambo hilo kuwa la haki kabisa: mwenye akili ataachia chuma.

"Tupa panga, mtani!" watu walimpigia kelele. "Litupe!"

Mihayo hakulitupa. Mwiba wa pili ukamwingia pajani. Ngumi yake ilikuwa imejifunga mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, na hapo ndipo Penina alipoielewa ile picha ya ukumbini. Mwizi yule hakuwa king'ang'anizi. Alikuwa hawezi kuachia. Sumu ya kwanza ilikuwa inaufunga mkono, halafu Boma lilikuwa linamuua mtu kwa kosa la mkono huo kufungwa. Madiwani walikuwa wamekaa ukumbini na soda zao wakimcheka mtu aliyekufa akitamani kulegeza vidole.

Mdogo wake Penina, Zakayo, alikwisha kurukia. Alikuwa hodari lakini si mwepesi wa kufikiri. Akalidaka panga kwa mikono miwili alivute, na kwa Boma anayeshika chuma ni mkataji. Mwiba ukamtoboa kiganja ukatokea upande wa pili, akachomoka kabla sumu haijamfunga vidole, akaanguka akitetemeka, mdomo umejaa povu. Mchimba kaburi mmoja, Teofili, mtu mnene mpole, akajaribu naye. Yeye ulimpata kwenye jicho ukazama mpaka ubongoni. Alipiga hatua moja nyuma kama aliyesahau kitu nyumbani, akaanguka juu ya lundo la udongo, na hakusogea tena. Watu wakakimbia huku na huku wakikanyagana, mchungaji kalala kifudifudi, jeneza limesukumwa upande na kifuniko kimetoa ufa. Binti yake Mihayo, Kabula, mwanamke wa makamo aliyeuza vitumbua Relini, alikuwa ameshikwa na wanawake wenzake, anarusha mateke, anawauma mikono.

Meya Mntangi alijibanza nyuma ya jeneza la Mzee Hosea. Akasema, bila kupandisha sauti, "Mheshimiwa, zima. Mtu anakufa."

Hicho ndicho kilichomuumiza Penina baadaye kuliko vyote: kwamba ukweli ulitoka kinywani mwa mtu yule. Kigingi cha kuzimia Boma kilikuwa pale mlangoni pa msitu, mwendo wa kukimbia kidogo tu. Angeweka kiganja, miiba ingelala, Mihayo angeishi. Na matingatinga yangeingia kabla ya jioni, na mikulo iliyokuwapo kabla ya babu wa babu yake ingelala, na miaka michache mbele watoto wa mji mzima, wa Relini wakiwamo, wangelamba mifereji mikavu. Mtu mmoja mzee upande huu. Mji wote upande ule. Hesabu nyepesi, ukiwa humjui huyo mtu mmoja. Lakini Mihayo ndiye aliyembeba Penina mgongoni siku mama yake alipozikwa, akimwimbia matusi mpaka akaacha kulia.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Penina aliusikia msemo huo kichwani mwake kwa sauti ya baba yake. Akakitazama kigingi, akamtazama Mihayo. Kisha akaokota jiwe.

Hapo alichagua, na tusimfichie. Alidhani kuna njia ya tatu.

Akatambaa kwa tumbo mpaka kwa Mihayo. Kumgusa mtu si kugusa chuma, Boma likamwacha. Akaulaza ule mkono uliokakamaa kwenye mzizi, akainua jiwe, akakipiga kidole cha kwanza. Mfupa ulilia kama kuni mbichi. Mihayo alikuwa bado na uhai machoni na ulimi haujafungwa wote.

"Polepole, mtumwa wangu," alisema kupitia meno. "Mkono huo ndio ninaolia ugali."

Penina akapiga tena, akilia kwa sauti kama mtoto, akimwomba radhi na kupiga, akimwomba radhi na kupiga. Damu ilimrukia usoni. Mwiba mwingine ulikuja ukamwingia mzee begani, akashtuka mwili mzima. Kidole cha mwisho kilipovunjika, kiganja kikafunguka, na panga likateleza.

Halikufika chini. Lilining'inia kwa mshipi wa ngozi kwenye kifundo cha mkono, ubapa wake umeelea nyasini, haujagusa udongo. Penina akautafuna mshipi ule kwa meno kama mbwa. Fundo lilikuwa limelowa damu na kukaza. Akasikia mlio wa nyuki unapanda, akajua, akajilaza juu ya mzee amkinge. Mwiba ukapita juu ya bega lake ukamwingia Mihayo kooni.

Macho yake yalikuwa yakimtazama Penina. Kisha yakawa hayatazami kitu. Na Boma halikuacha. Panga lilikuwa bado halijashuka, kwa hiyo likaendelea kumchoma maiti mbavuni, tumboni, usoni, kwa utaratibu, kama cherehani. Hatimaye mshipi ulikatika kwenye meno ya Penina, na panga likaanguka.

* * *

Wanawake walimwachia Kabula.

Hakwenda kwa baba yake. Alitembea taratibu mpaka kwenye kaburi la Mzee Hosea, akaketi ukingoni, akaining'iniza miguu ndani ya shimo. Nguo yake ilikuwa imechanika begani. Alipoketi vile watu wote wa mlimani wakanyamaza, kwa sababu walijua maana yake. Mtani akiketi hivyo, maiti haizikwi mpaka alipwe anachodai, na chochote atakachodai hakataliwi. Baba yake alikuwa ameuanza utani huo, na hakuumaliza.

Mzee Daudi akasema kwa haraka aletewe kuku, waletwe hata wawili. Kabula akacheka. Si kicheko ambacho ningependa kukisikia mara ya pili.

"Sidai kuku," alisema. "Penina, nadai Boma. Lizime."

Meya Mntangi alinyanyuka taratibu nyuma ya jeneza, akajipangusa magoti. Penina alisimama pale, damu ya mzee imemkaukia kidevuni, akamwambia Kabula, kwa sauti ndogo, kwamba akilizima msitu umekufa, na baba yake atakuwa amekufa bure.

"Baba yangu amekufa bure tayari," Kabula alisema. "Ulikuwa na kiganja, ukaenda kuokota jiwe. Mimi ni mtani na niko kaburini. Unanikatalia?"

Asingeweza. Labda mtu wa mahali pengine angeweza, angesema huu ni upuuzi wa mila, kuna mji mzima hapa. Lakini mwili wa Mihayo ulikuwa umelala pale umejaa miiba, na kila mwiba Penina aliupigia kura. Akatembea mpaka mlangoni, akaweka kiganja juu ya kigingi. Mlio wa nyuki ukakoma. Ua lote, kutoka bondeni mpaka kileleni, likainamisha miiba yake. Ukimya ulioingia ulikuwa mgeni kiasi kwamba watoto wa mbali walianza kulia.

Meya hakutabasamu, alikuwa na akili kuliko hivyo. Aliinamia kipaza sauti cha kwenye kola yake akasema maneno machache ya amri ya dharura ya makazi, na barabarani tingatinga la kwanza likaunguruma.

Lilikuja bila dereva, kubwa kama nyumba, likalikanyaga Boma kama mchicha. Mkulo wa kwanza ulipasuka katikati na mlio ulioingia kwenye meno ya watu. Wa pili ukaanguka juu ya watatu. Ndege walitoka wote kwa mpigo.

Penina alirudi mbio mpaka kaburini. Akapiga magoti mbele ya Kabula kwenye udongo. Alikuwa amekumbuka kwamba utani una pande mbili.

"Kabula," alisema, "baba yako amekufa. Mimi ni mtani wake. Nami niko kaburini, nadai."

Kabula alimtazama kama anayemtazama nyoka aliyezungumza. Nyuma yao mti mwingine ulianguka, nchi ikatikisika. Wanyamwezi wa Relini walikuwa wamesimama na mapanga mikononi, na baadhi yao hawakuwa wakilitazama tingatinga, walikuwa wakimtazama Penina. Lakini dai ni dai.

"Dai," Kabula alisema mwishowe.

"Nipe baba yako. Azikwe hapa, sasa hivi, kwenye shimo la baba yangu."

Kisha Kabula akatoa miguu yake shimoni.

"Mchukue," alisema.

Walimshusha Mihayo bila sanda, na koti la Hosea mwilini, na miiba ambayo hawakuwa na muda wa kuitoa. Watu wa mlimani na wa Relini walifukia pamoja, kwa majembe, kwa sufuria za msibani, kwa mikono. Penina alifukia kwa kucha mpaka zikang'oka. Tingatinga lilikuja likisukuma mbele yake ukuta wa matawi na udongo mwekundu, na watu waliokuwa upande ule wakaruka kando, mmoja hakuwahi, mguu wake ukasagwa mpaka gotini na ukelele wake ukaenda mbali. Hakuna aliyeacha kufukia.

Bapa la chuma lilifika mbele ya tuta jipya la udongo, likasimama. Kisha tingatinga likasema, kwa sauti ya kike yenye adabu nyingi, kwamba limeona kaburi, na likauliza kaburi hili ni la nani.

"Ukoo wa Shembilu," Meya alisema. "Ridhaa ipo."

Tingatinga likauliza jina la marehemu. Lilikuwa na macho, na lilikuwa limeona sura ya aliyefukiwa.

"Mihayo Kapaya," Kabula alijibu. "Mnyamwezi. Hana ukoo hapa."

Likauliza msemaji wa kaburi ni nani. Kabula akasema ni yeye, mwanawe. Likauliza, kwa adabu ile ile, kama anaridhia kaburi lihamishwe.

Sasa Meya Mntangi alikuja karibu kabisa. Alimwita dada. Alimwambia anajua anavyoishi kule Relini, na watoto, kwenye chumba kilichojengwa juu ya chumba cha mwingine, na maji ya ndoo. Nyumba ya kwanza itakayojengwa Kwemkole itakuwa yake, mlango unaotazama jua. Na akasema, akimwonesha Penina kwa kidevu tu, kwamba mwanamke yule aliyapenda majani kuliko baba yake. Maneno hayo hayakuwa ya uongo yote, na Kabula aliyasikiliza yote. Penina alikuwa bado kapiga magoti, mikono imejaa damu na udongo. Hakustahili kumwomba kitu. Msitu wote aliokuwa ameutolea damu, na mtu, ulikuwa sasa kwenye ulimi wa Kabula.

Kabula alilitazama tuta. Alitazama chini bondeni, kule paa za Relini zinameremeta kwa jua. Alimtazama Penina kwa muda.

"Siridhii," aliliambia tingatinga.

Injini ikazimika.

Watu wengine waliketi pale pale walipokuwa. Meya aligeuka akaondoka bila kuaga, akipita juu ya matawi yaliyovunjika. Penina alisimama kwa shida, akamwendea Kabula akilia, na kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kumshukuru mtu wa Relini, akamwambia alichofundishwa toka utotoni.

"Ahsante, mtumwa wangu."

Kabula alimpiga kofi la uso lililosikika mpaka kwa waliokuwa mlangoni. Kisha akainama, akaokota panga la baba yake, akaufunga mshipi uliokatika.

"Usiniite hivyo tena," alisema. "Kuanzia leo ukinitania, nitakasirika."

Akashuka bondeni, na watu wa Relini wote wakamfuata, hakuna aliyegeuka nyuma. Penina akachukua jembe aanze kuchimba shimo jingine. Baba yake alikuwa bado hajazikwa, na hapakuwa tena na mtani wa kumcheka.